Jinsi ya kulinda kamera, TV na vifaa vingine vya nyumbani vilivyounganishwa na intaneti

Kamera ya ukutani, kengele ya mlango yenye video, TV, balbu inayowashwa kwa simu, soketi ya Wi-Fi, spika inayopokea amri kwa sauti: kila kimoja ni kompyuta ndogo. Kina prosesa na kumbukumbu, wakati mwingine kinaendesha mfumo wa Linux, na kinakaa mtandaoni usiku na mchana. Tofauti yake na kompyuta ya mezani ni kwamba hakuna anayekiangalia. Mara nyingi hakina programu ya kuzuia virusi wala skrini ya kukuonya, na kikishatekwa kinaendelea na kazi yake kama kawaida. Kamera inarekodi, balbu inawaka, na mwenye nyumba hana habari.

Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kilionyesha jinsi kazi hiyo ilivyo rahisi. Kilizunguka intaneti kikibisha hodi kwenye poti (milango ya mawasiliano ya kifaa) 23 na 2323, ambazo hutumiwa na Telnet, njia ya zamani ya kuendesha kifaa kutoka mbali, kisha kikajaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani, kama sitini hivi, za aina ya "admin" na "admin" au "root" na "12345". Orodha hiyo ilitosha kukusanya mamia ya maelfu ya kamera, mashine za kurekodi video na ruta. Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa vilivyotekwa vilielekezwa kuishambulia Dyn, kampuni ya huduma za DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba), na kwa saa kadhaa watu wengi wa Marekani na Ulaya hawakuweza kufungua tovuti kubwa kama Twitter, Netflix na Reddit. Msimbo wa Mirai ulikuwa umeshamwagwa hadharani kabla ya hapo, na vizazi vyake bado vinazunguka.

Kwa hiyo usijiulize kama kuna mtu anayekulenga wewe. Programu zinazotafuta vifaa dhaifu hupitia anwani zote za intaneti bila kujali ni za nani. Chukulia kwamba siku moja kifaa chako kimojawapo kitaingiliwa, kisha uipange nyumba mapema ili aliyeingia kupitia balbu asifike kwenye kompyuta yenye nyaraka zako. Anza na ruta, kisha utenganishe mitandao, na mwisho ushughulikie kifaa kimoja kimoja. Wengi hufanya kinyume: hubadilisha nywila ya kamera wakaishia hapo.

Orodhesha vilivyopo

Fungua ukurasa wa ruta kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Zikikataa, anwani sahihi huwa kwenye kibandiko kilicho chini au nyuma ya ruta, au kwenye maelezo ya Wi-Fi ya simu yako, mahali palipoandikwa "Gateway". Ukishaingia, tafuta ukurasa wenye jina kama "Connected Devices", "Attached Devices" au "DHCP Clients", uandike kila kitu unachokiona pale: jina, anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) na anwani ya MAC (namba ya kadi yake ya mtandao).

Majina mengine hayatakuambia kitu. Jina linaloanza na "ESP_" kwa kawaida ni chipu ya Espressif, ambayo imo ndani ya balbu na soketi nyingi. Tarakimu na herufi 6 za mwanzo za MAC humtaja mtengenezaji wa kadi ya mtandao, na kuna tovuti nyingi za kuzitafsiri. Ila kama alama ya pili kutoka mwanzo ni 2, 6, A au E, usihangaike: hiyo ni MAC ya kubuni, na simu za kisasa hujibunia MAC ili zisifuatiliwe. Kilichobaki bila jina, kitambue kwa kuchomoa vifaa kimoja baada ya kingine na kuona ni mstari upi unatoweka. Hapa tumia orodha ya vifaa vilivyo hewani sasa hivi. Ile ya DHCP, yaani ya anwani zilizogawiwa na ruta, inaweza kuendelea kuonyesha kifaa hata siku nzima baada ya kukizima, na wengi huchanganyikiwa kwa sababu hiyo.

Usisahau vinavyotumia waya. Mashine ya kurekodi kamera, kisanduku cha TV na printa ndivyo vinavyosahaulika zaidi, na mara nyingi ndivyo vilivyo dhaifu zaidi.

Ruta

Ruta ina nywila mbili, na watu huzichanganya. Moja ni ya Wi-Fi. Nyingine ni ya kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio, na ndiyo inayobaki "admin" kwa miaka. Ibadilishe hii ya pili kwanza, iwe na herufi 16 au zaidi, na uihifadhi kwenye programu ya kutunza nywila. Kisha tafuta "Firmware Update" au "System Update" na uisasishe. Sasisho likimalizika, rudi uhakiki mipangilio yako, maana huenda baadhi imerudi ilivyokuwa kiwandani.

Baada ya hapo zima vitu vitatu.

Cha kwanza ni "Remote Management", inayoruhusu ukurasa wa ruta kufunguliwa kutoka nje ya nyumba. Mtumiaji wa kawaida haihitaji.

Cha pili ni WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kuandika PIN. PIN yake ina tarakimu 8, lakini ya mwisho ni ya uhakiki tu, na ruta huikagua PIN vipande viwili: tarakimu 4 za mwanzo, kisha 3 zinazofuata. Badala ya kubahatisha mara milioni 100, mshambuliaji anahitaji majaribio 11,000 tu. Kasoro hii ilitangazwa mwaka 2011, lakini WPS bado imo kwenye ruta nyingi.

Cha tatu ni UPnP, na hapa inafaa kukaa kidogo. Kwa kawaida ruta huzuia mtu wa nje asianzishe mawasiliano na kifaa cha ndani. UPnP humpa kila aliye ndani ya nyumba ruhusa ya kuiambia ruta "nifungulie poti fulani kuelekea kwangu", nayo ruta hutii bila kuuliza nywila. Iliwekwa ili michezo ya mtandaoni na simu za video zifanye kazi bila usumbufu. Tatizo ni kwamba kamera ya bei ya chini inaweza kuitumia kuufungulia ulimwengu mzima ukurasa wake wa kuingilia, na wewe hutaona dalili yoyote. Kabla ya kuzima, angalia jedwali la UPnP kwenye ruta: litakuonyesha nani amefungua nini. Ukishazima, iwashe ruta upya ili milango iliyokwisha kufunguliwa ifungwe, kisha nenda kwenye "Port Forwarding" na ufute kila mstari usiojua kazi yake. Mara nyingi fundi aliyefunga kamera huwa ameacha poti 80, 554 au 8080 wazi. Konsoli ya michezo ikilalamika baada ya hapo, ifungulie poti zake peke yake kwa mkono.

Kama mtandao wako una IPv6, aina mpya ya anwani za intaneti, hakikisha ukuta wa moto (firewall) wa IPv6 umewashwa. Kwenye IPv4, ile ya zamani, hali ya nyumba nzima kutumia anwani moja huvificha vifaa vyako kwa kiasi fulani. Kwenye IPv6 kila kifaa kina anwani yake inayoweza kufikiwa kutoka nje, na kinachokilinda ni huo ukuta tu.

Kwa usimbaji wa Wi-Fi chagua WPA2 yenye AES, au WPA3. Usichague WEP wala TKIP. Vifaa janja vingi havijui WPA3, na baadhi hukwama hata kwenye hali ya mchanganyiko ya WPA2/WPA3, kwa hiyo mtandao wa vifaa hivyo uweke WPA2-AES tu.

Tenganisha mitandao

Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu kati ya yote haya, fanya hili. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, "Guest Network". Simu, kompyuta na diski ya mtandao zibaki kwenye mtandao mkuu. Kamera, TV, balbu, soketi, spika, friji na mashine ya kufagia ziende kwa wageni.

Washa mtandao wa wageni kwenye masafa ya GHz 2.4, kwa sababu vifaa janja vingi havina redio ya GHz 5. Zima chaguo la kuwaruhusu wageni kufikia mtandao wa ndani. Huandikwa "Allow guests to access local network" au maneno yanayofanana na hayo. Kuna chaguo jingine, "AP Isolation", linalozuia hata vifaa vya wageni visionane vyenyewe kwa vyenyewe. Liwashe ukiweza, lakini ujue kwamba vifaa vinavyoongea moja kwa moja, kama spika mbili zinazocheza pamoja, vitaacha kuonana.

Kuhamisha balbu ishirini moja moja ni adha, na wengi hukata tamaa hapo. Kuna njia ya mkato. Upe mtandao wa wageni jina na nywila za mtandao wako mkuu wa sasa, kisha uupe mtandao mkuu jina na nywila mpya kabisa. Vifaa vyote vitajiunga na mtandao wa wageni vyenyewe, vikidhani hakuna kilichobadilika, nawe utabaki na kazi ya kuhamisha simu na kompyuta chache. Aina ya usimbaji lazima ibaki ileile ya zamani. Na kama nywila hiyo ilikuwa dhaifu au imeshasambaa kwa watu wengi, njia hii haifai. Jikaze uhamishe kimoja kimoja.

Yapo mambo mawili yanayokwamisha watu. La kwanza, kifaa kipya hakionekani wakati wa kukiunganisha. Mara nyingi simu iko GHz 5 na kifaa kiko 2.4, au simu iko mtandao mkuu na kifaa kinaelekezwa kwa wageni. Hamishia simu kwenye mtandao wa wageni wa GHz 2.4, zima data ya simu kwa dakika hizo, maliza kuunganisha, kisha rudi. La pili, simu haiioni tena TV unapotaka kurusha video. Mawasiliano ya kutafutana hutumia mDNS, ambayo haivuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Jiunge na mtandao wa wageni kwa muda wa kuangalia, "AP Isolation" ikiwa imezimwa. Usiirudishe TV kwenye mtandao mkuu kwa sababu ya usumbufu huo. Printa ni suala jingine: inahitajika kila mara na kompyuta, kwa hiyo inaweza kubaki ndani, mradi nywila ya ukurasa wake imebadilishwa na imesasishwa.

Mtandao wa wageni kwa kawaida haugusi vifaa vya waya. Kwa mashine ya kurekodi kamera utahitaji ruta inayoweza VLAN, yaani kugawa mtandao wa waya katika mitandao tofauti, au ruta ya pili. Ukitumia ruta mbili, angalia mpangilio, maana wengi hukosea hapa. Ruta ya ndani ikiunganishwa nyuma ya ya nje, vilivyo ndani vinaweza kuvifikia vilivyo nje, lakini vya nje haviwezi kuvifikia vya ndani. Kwa hiyo kompyuta ndizo zikae nyuma ya ruta ya ndani, na kamera zibaki kwenye ya nje. Ukigeuza, umezipa kamera njia ya kufika kwenye kompyuta.

Maliza kwa jaribio. Unganisha simu na mtandao wa wageni, zima data, kisha jaribu kufungua anwani ya printa au ya kompyuta iliyo mtandao mkuu, na ukurasa wa ruta pia. Kama chochote kinafunguka, utengano haufanyi kazi, hata kama menyu inasema umewashwa.

Kifaa kimoja kimoja

Kamera nyingi zina milango miwili. Mmoja ni akaunti uliyofungua kwenye programu ya simu. Mwingine ni akaunti iliyo ndani ya kamera yenyewe, inayotumika kwenye ukurasa wake au kwa video inayorushwa kwa njia ya RTSP kwenye poti 554. Kubadilisha ya kwanza hakuigusi ya pili. Fungua anwani ya IP ya kamera kwenye kivinjari. Ukiona ukurasa wa kuingia, jaribu nywila iliyo kwenye kitabu chake. Ikikubali, ibadilishe papo hapo. Na ukikuta chaguo za Telnet au SSH, ambazo ni njia za kuingia kutoka mbali, zizime.

Kwa akaunti ya programu ya simu, hatari kubwa ni nywila iliyotumika kwingine. Tovuti moja ikidukuliwa, barua pepe na nywila zake hujaribiwa kwa mashine kwenye huduma nyingine zote, za kamera zikiwemo. Mgeni anaingia kwa nywila sahihi bila kuvunja chochote. Tumia nywila ya pekee na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, ikiwezekana kwa programu ya kuzalisha namba badala ya SMS. Mtu mwingine akihitaji kuangalia kamera, mwalike kwa akaunti yake mwenyewe. Kisha pitia orodha ya walioalikwa mara kwa mara. Mpangaji aliyehama, mfanyakazi aliyeacha kazi, mwenza mliyeachana: hawa ndio mara nyingi wanaoendelea kuona ndani ya nyumba, na hakuna ukuta wa moto utakaowazuia wakati bado wana ruhusa.

Kuna jambo ambalo watu hawalitarajii: kamera inayofunguka kwa kuskani namba yake maalumu haihitaji poti iliyo wazi. Yenyewe hutoka nje kwenda kwenye seva ya mtengenezaji na kusubiri. Kwa hiyo kufunga UPnP hakukulindi kama seva hiyo au namba hiyo ina kasoro. Kama hutazami kamera ukiwa mbali, zima "P2P" au "Cloud" kwenye mipangilio yake, na kama ruta yako inaruhusu, izuie kamera isiende intaneti kabisa. Kama ina kadi ya kumbukumbu, kwa kawaida itaendelea kurekodi humo. Kamera ya ndani usiielekeze kitandani wala bafuni, na iliyo na kifuniko ifunikwe unapokuwa nyumbani. Hayo hayadukuliwi.

Programu za simu nazo zipunguziwe ruhusa. Kwenye Android mara nyingi huomba ruhusa ya mahali ulipo ili kutafuta vifaa vya Wi-Fi na Bluetooth vilivyo karibu. Iruhusu wakati wa kuunganisha, kisha iondoe. Programu ya balbu haina sababu ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yako.

Visanduku vya TV visivyoeleweka

Hivi vinastahili onyo la peke yake. Mnamo Juni 2025 FBI ya Marekani ilionya kuhusu BADBOX 2.0, programu hasidi inayokutwa kwenye visanduku vya TV vya Android, projekta na fremu za picha, nyingine zikiwa zimeambukizwa kabla hata hazijanunuliwa. Kifaa kama hicho hukodisha intaneti yako kwa watu wengine, na uhalifu wao huonekana umetoka kwenye anwani yako. Jihadhari na kisanduku kisicho na jina la kampuni inayojulikana, kinachoahidi filamu na chaneli za kulipia bure, au kinachokutaka uzime Google Play Protect. Kubadilisha nywila hakusaidii, na kukirudisha hali ya kiwandani hakusaidii pia, kwa sababu ugonjwa umo kwenye mfumo wenyewe unaorudishwa. Kichomoe na usikiunganishe tena.

Kabla ya kununua

Uliza mpaka mwaka gani kifaa kitapata masasisho ya usalama. Uingereza imelifanya hili kuwa sheria tangu tarehe 29 Aprili 2024: mtengenezaji lazima atangaze muda huo, atoe njia ya kupokea taarifa za kasoro, na asitumie nywila moja ya kiwandani kwa vifaa vyote. Hata kama unanunua kwingine, mtengenezaji anayeuza huko huwa ametangaza tarehe hiyo, na unaweza kuitafuta. Asiyesema chochote, mwache. Na jiulize kama kifaa kitafanya kazi intaneti ikikatika. Balbu isiyowaka bila seva ya mtu mwingine itakufa siku seva hiyo itakapozimwa.

Ukishuku kifaa kimeingiliwa

Dalili huwa hafifu: intaneti nzito bila sababu, data nyingi inayotoka kwa kifaa ambacho hakina cha kutuma, kamera inayogeuka yenyewe, taarifa ya kuingia kutoka mahali usipopajua, au barua kutoka kwa mtoa huduma wa intaneti. Kutoka kompyuta iliyo kwenye mtandao mmoja na kifaa, tumia programu ya nmap, inayoonyesha poti zilizo wazi, na amri hii, ukiweka anwani ya kifaa chako mwenyewe:

nmap -p 22,23,80,554,2323,8080 192.168.1.50

Poti 23 au 2323 ikionekana "open", kifaa hicho kisikae mtandaoni mpaka ukifanyie kazi.

Virusi vya aina ya Mirai kwa kawaida hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, kwa hiyo kuzima na kuwasha huvifuta. Lakini kifaa kikirudi mtandaoni na nywila ileile, kinaweza kuambukizwa tena ndani ya dakika chache, na hapo ndipo watu hudhani kwamba dawa haikufanya kazi. Mpangilio wa hatua ndio muhimu. Kwanza chomoa waya wa intaneti unaoingia kwenye ruta, ukiacha Wi-Fi ikiwaka. Zima kifaa, subiri sekunde 30, kiwashe. Kirudishe hali ya kiwandani kwa kubana kitundu cha "Reset" kwa pini, kwa kawaida sekunde 10 hadi 30. Badilisha nywila kabla intaneti haijarudi. Kifaa kisichokubali kubadilishiwa nywila bila intaneti kiunganishwe kwenye mtandao wa wageni, UPnP ikiwa imezimwa. Rudisha waya, kisasishe mara moja, kisha rudia amri ya nmap. Ruta yenyewe ipitie hatua zilezile, na uangalie kama anwani za DNS zimebadilishwa kuwa usizozijua.

Kifaa unachokiuza au kukitupa kiondoe kwanza kwenye akaunti yako, kisha ukirudishe hali ya kiwandani, kwa mpangilio huo. Ukianza na kufuta kifaa ukasahau akaunti, mnunuzi anaweza kushindwa kukisajili, au wewe ukabaki umeunganishwa na kamera iliyo nyumbani kwake. Toa kadi ya kumbukumbu. Hata balbu huhifadhi nywila ya Wi-Fi kwenye chipu yake, kwa hiyo iliyokufa na haiwezi kufutwa ivunje saketi yake kabla ya kuitupa, au ubadilishe nywila ya mtandao wa wageni siku hiyohiyo.